Laptopu mpya: Home au Pro? Soma kabla hujaongeza hela

Wadau, ukienda kununua laptopu siku hizi muuzaji lazima akuulize: unataka yenye Windows 11 Home au Pro? Na hiyo Pro anaitamka kwa sauti nzito kidogo, utadhani Home ni ya watoto. Bei nayo inapanda hapo hapo. Sasa unalipia nini hasa?

Kwanza ondoa hili kichwani: Pro haiongezi spidi. Mashine ikiwa ile ile, Home na Pro zinawaka sawa, gemu zinacheza sawa, na masasisho ya usalama zote zinapata. Tofauti ni za kiofisi zaidi. Pro inaweza kuunganishwa na mtandao wa kampuni ili mtu wa IT aisimamie akiwa mezani kwake. Pro inakubali kuendeshwa kutoka mbali kwa Remote Desktop, wakati Home inaweza kuingia kwenye mashine ya mwingine ila yenyewe haiingiliki kwa njia hiyo. Pro ina Hyper-V ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na ina BitLocker kamili, mpaka flashi unaifunga kwa paswedi. Halafu kuna hii ya kuchekesha: Home inaishia RAM ya GB 128, Pro inafika TB 2. Wewe una GB 8, bwana.

Kwa hiyo kama ni chuo, muziki, kuandika barua za kazi na kuchati, chukua Home. Hata anayesoma mambo ya mitandao anaweza kutumia VirtualBox ya bure juu ya Home. Na siku ukiihitaji Pro kweli, unapanda kupitia Microsoft Store bila kupiga Windows upya, kwa karibu dola 100 za Marekani. Hiyo hela leo iweke kwenye RAM na SSD. Microsoft wanasema Windows 11 inataka angalau RAM GB 4 na nafasi GB 64, lakini hicho ni kiwango cha kuwaka tu, si cha kufanyia kazi. Mimi chini ya GB 8 sikushauri.

Angalia pia maandishi yanayosema S mode. Laptopu ya namna hiyo inapokea programu za Microsoft Store tu, kwa hiyo ile uliyowekewa kwenye flashi na mshikaji haitafunguka. Usiirudishe dukani. Ingia Settings, System, Activation, utaitoa kwenye S bure, ila kurudi hakuna. Na ukiona Home Single Language, hakikisha lugha iliyomo unaielewa, maana toleo hilo halikuruhusu kubadilisha lugha ya Windows unavyotaka.

Mtu akikuuzia laptopu "mpya" yenye Windows 10, uliza vizuri. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyo na chipu ya TPM 2.0 haikubaliki rasmi kwenye Windows 11.

Sasa tuje kwenye Pro ya bei ya chipsi mayai. Laptopu ilitoka kiwandani na Home yenye leseni halali, fundi anaifuta na kukupigia Pro ya kuchakachua. Umelipa ili upoteze leseni! Ukiwa bado dukani bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, utaona toleo. Kisha rudia na uandike slmgr /xpr. Ikikuletea tarehe ya kuisha, kaa macho: leseni za mashirika ndizo zinazohesabu siku, kwa kawaida 180 kabla ya kuhuishwa, na wachakachuaji wanaiga njia hiyo hiyo. Laptopu mpya ya mtu binafsi haitakiwi kuwa na tarehe. Ikisema permanently activated ni dalili nzuri, ingawa peke yake haitoshi, kwa hiyo risiti na boksi vitunze.

La mwisho ndilo linalowaliza wengi. Laptopu nyingi mpya, hata za Home, zinafunga diski zenyewe mara tu mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kuifungua, tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Fundi akikuwashia kwa akaunti yake ili "kukurahisishia", ufunguo umebaki kwake. Siku umebadilishiwa ubao mama, mashine inadai tarakimu 48, na fundi simu haipokei. Picha, ripoti ya chuo, vyote viko ndani. Washa mwenyewe kwa akaunti yako, kisha ingia aka.ms/myrecoverykey, unakili zile tarakimu kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako, siyo ndani ya begi la laptopu.