Kwanza Unit: Miaka ya Mwanzo

Kwanza Unit ni kundi la hip hop la Dar es Salaam lililoundwa mwaka 1993, pale vijana waliokuwa wakichana katika makundi madogo ya mitaani walipoamua kuwa kitu kimoja. Waasisi wake ni pamoja na Rhymson, Eazy B na D-Rob. Baadaye wakaingia KBC, Fresh G, Papa Sav na wengine. Kwa idadi hiyo ya watu lilifanana zaidi na chama kuliko bendi, na ndivyo wenyewe walivyotaka.

Rap ilikuwa imeshafika jijini tangu miaka ya 1980, ikiletwa katika kanda za kaseti na za video na ndugu waliotoka ng'ambo. Waliozipata kwanza ni vijana wa familia zenye uwezo, na majukwaa yao yalikuwa disko na mashindano. Redio haikuwa na msaada mkubwa: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu ya serikali, na haikuwa na televisheni kabisa. Vijana walikariri mashairi ya Wamarekani na kuyachana kama yalivyo, kwa Kiingereza. Saleh Jabir, maarufu kama Saleh J, ndiye aliyeonyesha njia nyingine. Mwaka 1991 alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza, akatoa na kaseti ya midundo ya Kimarekani iliyotiwa maneno ya Kiswahili.

Hata hivyo, Kwanza Unit walianza kwa Kiingereza. Haikuwa ajabu: mizani ya ufundi wakati ule ilikuwa New York, na mchanaji alipimwa kwa kulinganishwa na waliosikika kwenye kaseti. Albamu yao ya Tropical Tekniqs, ya katikati ya miaka ya 1990, bado ilielemea upande huo. Kiswahili kiliongezeka hatua kwa hatua, na wimbo Msafiri ukaja kuwa miongoni mwa kazi zao zinazokumbukwa zaidi.

Jambo lililowatofautisha zaidi na wenzao ni Kwanzania, taifa la kufikirika ambalo raia wake wangeunganishwa na utamaduni wa hip hop pamoja na maadili ya Kiafrika. Mfano wao ulikuwa Zulu Nation ya Afrika Bambaataa kule Marekani, lakini ndani yake mlikuwa pia na mwangwi wa Nyerere na siasa ya kujitegemea. Kwa kundi lililoanza kwa lugha ya kukopa, hilo lilikuwa dai zito.

Kuanzia mwaka 1994 redio na televisheni binafsi zilifungua milango, na soko likakua kwa kasi. Waliofaidi zaidi ni waliochana Kiswahili moja kwa moja, kama 2 Proud, aliyejulikana baadaye kwa jina la Mr II, na Hard Blasters. Kwanza Unit waliheshimiwa kuliko walivyouza. Albamu ya Kwanzanians ilitoka mwaka 1999, wakati muziki wa Bongo Fleva ukishika kasi. D-Rob alifariki dunia, wanachama wengine wakashika njia zao, na Rhymson akahamia Kanada.