RX-8 Yako Inapiga 'Pa! Pa!' Asubuhi? Cheki Hizi Vitu Kabla Fundi Akule Doh Yako

Kama uko na Mazda RX-8, ama kuna moja unaimezea mate, hii sauti utaijua. Injini imelala baridi usiku mzima, unapiga stata asubuhi, alafu silensa inaanza pa! pa! hadi watchie anatoka kwa gate kucheki nani anarusha fataki.

Inaweza kuwa gari iko tu fiti. Inaweza pia kuwa koili zimechoka na zinaelekea kukuharibia vitu vya bei. Hii ndio rada ya kutofautisha.

MBONA INALIPUKA?

RX-8 ilitengenezwa kutoka 2003 hadi 2012, na haina pistoni. Injini yake ya lita 1.3, inayoitwa Renesis, iko na rota mbili za pembe tatu zinazozunguka. Chumba cha kuchomea mafuta ni kirefu na chembamba, moto haufiki kila kona, so petroli fulani hutoka bila kuungua.

Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza petroli. Saa hiyo hiyo, pampu ya umeme inapuliza hewa safi kwa ekzosi ndio hiyo petroli imalizike kuungua huko na ipashe katalaiza moto haraka. Petroli ikikutana na hewa na joto ndani ya bomba, unajua kitatokea.

GANI NI KAWAIDA, GANI NI NOMA?

Kawaida: milipuko midogo mara kadhaa, rev ziko juu, alafu kila kitu kinatulia injini ikipata joto. Ukisikia mvumo kama wa mashine ya kufagia kapeti, hiyo ni ile pampu inapiga kazi.

Noma: milipuko haiishi hata injini ikiwa moto, gari inatetemeka, petroli inanuka sana, ama taa ya injini inawaka na kuzima. Taa ikifanya hivyo, usiendeshe. Petroli mbichi inaenda kuungulia kwa katalaiza, na inaweza kuichoma hadi iyeyuke ndani na kuziba ekzosi. Hapo injini nayo inaanza kuumia.

ANZA NA YA BEI RAHISI

1. Soma kodi. Mashine ya OBD inatosha. P0301 inamaanisha rota ya mbele inakosa kuchoma, P0302 ni ya nyuma. P0410 inakuelekeza kwa mfumo wa ile pampu ya hewa.

2. Koili na plagi. Hizi ndio washukiwa wa kwanza. Ziko koili 4 na plagi 4, mbili kwa kila rota. Wenye RX-8 wengi hubadilisha koili kila kilomita 50,000 hivi, zote pamoja. Plagi za chini (L) na za juu (T) si sawa, so hakikisha fundi hajazichanganya.

3. Ekzosi inayovuja. Cheki masizi meusi kwa maungio injini ikiwa baridi. Kashimo kadogo kanavuta hewa ndani na kuongeza milipuko. Na kama mwenye gari wa kwanza alitoa katalaiza ndio gari ipige kelele, usishangae ikilipuka kila asubuhi.

4. Valvu ya pampu ya hewa. Ikikwama wazi, hewa inaendelea kuingia hata injini ikiwa moto.

5. Injekta inayovuja. Inadondosha petroli gari ikiwa imezimwa, so asubuhi inawaka kwa shida, na ikiwaka inakaribisha milipuko.

KOMPRESHENI: HAPA NDIO WASEE HUCHEZWA

Ukimaliza hiyo list na bado, pima kompresheni. Kipimo cha injini ya pistoni hakitoshi, juu kila rota iko na pande 3 na chenyewe kinaonyesha tu ule upande wenye nguvu zaidi. Upande mmoja ukiwa umekufa, hutajua. Itisha kipimo cha rotari.

Kiwango cha chini cha Mazda ni 680 kPa kwa mzunguko wa 250 kwa dakika, lakini hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na presha ya hewa huku ni karibu asilimia 18 chini ya Mombasa. Injini ile ile ikipimwa Nairobi itasoma chini. Fundi asipopiga hiyo hesabu, anaweza kukuambia injini imekufa na bado iko na miaka yake. Muulize kabla hujakubali kufungua chochote.

USIFANYE HIVI

Usiwashe gari baridi, uisongeze mita mbili, alafu uzime. Petroli inabaki ndani, plagi zinalowa, na kesho haiwaki. Wacha ipate joto kwanza. Ikishalowa, kanyaga mafuta hadi chini na upige stata kwa sekunde zisizozidi 10. Hiyo hukata petroli ndio chumba kikauke.

Na usinyamazishe milipuko kwa kununua silensa kubwa. Kelele ikipungua, koili iliyochoka bado iko pale pale.