Rangi Iliyotulia

Mwenye nyumba akimwambia fundi anataka "rangi iliyotulia", fundi haulizi maana. Hakuna mkebe dukani wenye jina hilo, lakini anajua kuwa chungwa na pinki ya kuwaka zimeshatolewa kwenye mazungumzo.

Vivumishi vyetu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Majina ya rangi nyingine nyingi tumeyatoa kwenye vitu: kijivu kwenye majivu, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye bizari. Anayetaka kupamba sebule kwa rangi chache zinazokaribiana huishiwa majina upesi. Hapo vitenzi ndivyo vinavyobeba kazi. Rangi hukoza, huwaka, hupoa, hufifia, hupauka. Iliyopoa na iliyopauka zaweza kuwa zimetoka mkebe mmoja, ila ya kwanza imechaguliwa na ya pili imeonewa na jua. Kuchujuka nakuachia kanga, kwa kuwa huko rangi huondoka na maji. Na anayeisifu nyumba kwa "rangi zilizofifia" ameitukana bila kujua; kinachofifia kinaishiwa nguvu, kama kandili isiyo na mafuta.

Rangi chache zilizochaguliwa hivyo, wapo wanaoziita "paleti". Sina ugomvi nao, ingawa "rangi za kiasi" yanitosha. Mtu wa kiasi si maskini wala si bahili. Anajua tu pa kukomea.

Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na rangi za kiasi kwa sababu za ujenzi. Boriti za mikoko hazifiki mbali, hivyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana usiozidi mita 3 hivi. Mwanga uliingia kutoka kiwanda, yaani ua wa katikati, ukapita kwenye misana, yaani kumbi zinazofuata ua, hadi chumba kiitwacho ndani, ukipungua kila hatua. Kuta zikapakwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, ili hicho kidogo kilichofika kisipotee. Juu, boriti zilizokoza. Ukutani, safu za zidaka, yaani vishubaka, zinazoutia weupe vivuli vyake. Hapo hakuna rangi ya tatu inayodaiwa.

Leo ukiomba nyeupe dukani utaulizwa ipi: ya maziwa, ya krimu, ya pembe? Sema iliyopoa, kisha mwambie fundi apake kipande kidogo kwanza na kukiacha kikauke, maana rangi nyingi za maji hukoza zikikauka.