Zulia, Kiramba na Baraza ya Ujiji

Tunapoandika habari za Ujiji tumezoea kusema kwamba kila kizuri kilichotandikwa sakafuni kililetwa na misafara ya pwani, na kwamba nakshi za pembe kwenye mikeka yetu zimeigwa kutoka mazulia ya Asia. Naikataa kauli hiyo.

Wapenzi wa mazulia ya kale hulijua zulia la Bukhara: uwanda mwekundu, maua yenye pembe nane yamejipanga safu kwa safu. Bukhara ilikuwa soko lake tu. Wafumaji walikuwa wanawake wa Kiturkmeni. Warusi walipoiteka Gök Tepe, ngome ya Waturkmeni, mwaka 1881, wakubwa wao wakaanza kuyakusanya mazulia hayo, na Jenerali Bogolyubov akachapisha mkusanyo wake St Petersburg. Baadaye mtafiti wa Kisovieti, Moshkova, alidai kila ua ni nembo ya kabila. Wengi wamempinga. Mimi namheshimu, kwa sababu aliwafuata wafumaji wenyewe akawauliza.

Turudi Ujiji. Kila mtu anaikumbuka salamu ya Stanley kwa Livingstone, mwaka 1871. Wachache husoma kinachofuata katika kitabu chake cha 1872: wageni wanakaribishwa barazani, kwenye kikao cha udongo kilichotandikwa mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wa baridi. Zulia halipo. Ni kweli mzee Livingstone alikuwa ameibiwa mali zake. Lakini hebu tupige hesabu ya msafara. Mpagazi alibeba takribani frasila mbili, kama kilo 30, kwa miezi kadhaa kutoka Bagamoyo. Zulia kubwa la sufu lingemmaliza mtu mmoja; mzigo uleule wa kitambaa cha merikani ungenunua chakula njiani na pembe za ndovu mwishoni. Tajiri angeweza kujiletea zulia lake, hata mawili. Kuufundisha mji mzima kusuka ni jambo jingine kabisa.

Wanaotazama mashariki tu husahau Ziwa Tanganyika. Ng'ambo yake, Manyema, Livingstone alikuta viramba, vitambaa vya nyuzi za mwale vilivyotumika kama fedha. Wamanyema wengi walivuka wakahamia Ujiji, na mikono yao ikavuka nao. Mbele zaidi, kule Kasai, Wakuba huzipenyeza nyuzi za mwale kitambaani na kuzikata fupi hadi zisimame kama manyoya ya zulia, kwa maumbo ya pembe yanayofungamana. Hawakuhitaji kondoo wala mwalimu kutoka Asia.

Na tazama ukili wa mkeka unavyosukwa. Miyaa hupita mshazari, ya rangi na nyeupe, juu mbili chini mbili. Pembe hujitokeza zenyewe kutokana na mwendo wa vidole. Kisha kili huungwa kwa kushonwa ubavu kwa ubavu, na msukaji hodari hulinganisha nakshi ili mshono usionekane.

Hesabu ile ya msafara ilibadilika reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, na bidhaa za viwandani zikafuata.

Sufu hudumu na mkeka huchakaa, ndiyo maana ushahidi wetu ni mchache. Ndugu msomaji wa Ujiji, Gungu au Mwanga, kama bibi yako angali anasuka, kaa naye. Muulize jina la kila nakshi na nani alimfundisha, uandike, na nakala uipeleke kwenye makumbusho ya Livingstone palepale Ujiji.