Rufaa ya askari aliyeondolewa jeshini kwa ugonjwa wa akili (Alunguli, Kindu)

Rufaa hii ni ombi la askari wa zamani kwamba uamuzi uliomtoa jeshini kwa sababu ya maradhi ya akili uchunguzwe upya, pamoja na maandishi yanayomfungia au kumfungulia njia ya kurudi kazini. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo msingi wake ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na Sheria Na. 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 kuhusu hadhi ya mwanajeshi wa FARDC, jeshi la taifa. Kwa mkazi wa Alunguli, komuni ya Kindu iliyo ukingo wa kulia wa Lualaba, haki hiyo ipo kamili kisheria. Kinachomshinda ni makaratasi na umbali.

Wengi huanza kwa kupeleka malalamiko kwenye mahakama ya kijeshi, na hapo hupoteza miezi. Kifungu cha 156 cha Katiba kinazipa mahakama hizo mamlaka juu ya makosa ya jinai ya wanajeshi na polisi. Kumtoa askari kwa sababu ya afya si hukumu ya jinai. Ni kitendo cha utawala, na kina hakimu wake. Kifungu cha 155 kinaiweka mbele ya Conseil d'État, mahakama kuu ya utawala iliyoko Kinshasa, kila rufaa inayodai kwamba mamlaka kuu ya utawala imevunja sheria. Muundo wa mahakama za utawala umeelezwa katika Sheria Na. 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016. Kifungu hichohicho cha 155 kinamruhusu raia kudai fidia ya madhara yasiyo ya kawaida, ya mali au ya moyo, yaliyotokana na hatua ya mamlaka za Jamhuri, na majaji huamua kwa kupima haki. Njia hii ya pili inastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa, kwa kuwa askari ambaye hawezi tena kubeba silaha bado anaweza kuwa amedhulumiwa.

Kabla ya kufika huko, aliyeondolewa huiandikia kwanza mamlaka iliyotoa uamuzi. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, nayo inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Barua iandikwe kwa Kifaransa, itaje tarehe ya uamuzi na sababu iliyoandikwa, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo ni vigumu kuthibitisha kwamba barua ilifika.

Uzito wa kesi uko kwenye cheti cha daktari. Msongo wa akili unaofuata kiwewe uliingia katika orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1980 tu, ingawa askari walikuwa wakiugua tangu zamani. Mtu asiyelala, anayeruka kwa kila kishindo, anayekunywa ili asahau, mkuu wake humwona mtovu wa nidhamu. Kwa hiyo cheti kiseme dalili zilianza lini, baada ya mapigano gani, na kama zinatibika. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na Sheria Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda watu hao nchini. Vyote viwili vinafaa kutajwa katika ombi.

Kukipata cheti ni mtihani mwingine. Vituo vya akili vinavyojulikana zaidi mashariki ni Sosame ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Mtu aliyevaa sare ya FARDC hawezi kwenda huko kwa usalama chini ya utawala huo. Inabaki Lubumbashi, kwenye kituo cha Dr Joseph Guislain, na Kinshasa, kwenye kituo cha akili cha CNPP. Gharama ya safari hizo inazidi uwezo wa familia nyingi, na hilo ni dhuluma juu ya dhuluma.

Marekani inaonyesha jinsi jina la ugonjwa linavyoamua maisha. Wakaguzi wa bunge walieleza mwaka 2008 kwamba askari wapatao 26,000 walitolewa kwa kasoro ya haiba kati ya Novemba 2001 na Juni 2007, na takriban 2,800 kati yao walikuwa wametumwa vitani angalau mara moja. Kasoro ya haiba huhesabiwa kuwa ilikuwepo kabla ya jeshi; kiwewe ni jeraha la kazi. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza bodi za kurekebisha rekodi ziwafikirie kwa upole wenye kiwewe. Muda wa kuomba mapitio ya namna ya kuondolewa ni miaka 15; ombi la kusahihisha rekodi ni miaka 3 tangu kosa lijulikane, ingawa bodi inaweza kusamehe kuchelewa. Waafrika Mashariki walioingia jeshini humo kupitia MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni uliokubali Kiswahili miongoni mwa lugha zilizohitajika, huangalia pia alama ya kurudi: RE-1 huruhusu, RE-3 huhitaji msamaha maalumu, RE-4 hufunga.

Tukirudi Kongo, Maniema, mkoa wa Kindu, ina wapiganaji wengi wa zamani, na baadhi ya askari walioondolewa kwa ugonjwa hushauriwa kujiandikisha P-DDRCS, mpango wa serikali wa kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji uraiani ulioundwa Julai 2021. Ushauri huo ukataliwe. Mpango huo ni wa wapiganaji wa makundi ya silaha. Askari wa jeshi la taifa akiingia humo anaweza kuacha maandishi yanayopingana na ombi lake mwenyewe.