Zamu ya Kusema
Kila nimwonapo mwanafunzi akitetemeka mbele ya darasa, humkumbuka Ralph Smedley. Tarehe 22 Oktoba 1924, katika chumba cha chini ya jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, aliwakusanya wanaume wajizoeze kuhutubia. Utaratibu wao ungali hai: mwanachama husimama, hupimiwa muda, kisha mwenzake humkosoa kwa staha. Lakini chama hicho, Toastmasters, kiliwafungia wanawake mlango hadi 1973. Helen Blanchard alijiunga mwaka 1970 kwa kuandikishwa jina la kiume, Homer. Mwaka 1985 akawa rais wa kwanza mwanamke wa chama kizima. Nasi tujiulize: katika mikutano yetu, nani angali akingoja zamu yake ya kusema?