Kabla ya Tuzo Kulikuwa na Ngara

Wadau, kila msimu wa tuzo ukifika sisi wa fani ya habari tunabishana nani kanyakua nini. Sawa, ni haki yetu. Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania (EJAT), zilizoanzishwa na Baraza la Habari mwaka 2009, zimewasukuma wengi kuandika habari za watoto, jinsia na watu wenye ulemavu. Lakini nauliza: kumshirikisha mtu ni kuandika juu yake tu?

Turudi Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda. Pale Benaco pakageuka mji wa maturubai. Miti ikakatwa kwa kuni, na wenyeji, kuanzia Ngara hadi Biharamulo, wakawa na manung'uniko yao.

Nyuma yao kulikuwa na redio. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993 kwa muziki na utani mtamu, kwa Kinyarwanda safi kabisa. Mwaka uliofuata ikahimiza mauaji. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alitiwa hatiani Arusha Desemba 2003, na rufaa ya 2007 haikumfutia kosa la uchochezi kupitia redio hiyo.

Sasa oneni: ingekuwa tunatoa tuzo kwa kigezo cha kutumia lugha ya wananchi peke yake, RTLM ingefuzu! Lugha haitoshi. Swali ni nani anahesabiwa kuwa mtu.

Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, likaanzisha Radio Kwizera hapohapo Ngara. Kwizera maana yake ni kuwa na imani, kutumaini. Ikasema Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili. Warundi na Wanyarwanda wakasikia, na wenyeji pia. Kihangaza na Kisubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi, kwa hiyo Mhangaza shambani hakuhitaji mkalimani. Mgeni na mwenyeji walisikiliza redio moja.

Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi wakabaki, kambi ya Lukole ikaendelea hadi miaka ya 2000, na redio ikaendelea kuwafikishia habari za amani na za kurejea nyumbani.

Hapo ndipo ninapoona somo. Anayeandika makala nzuri juu ya mkimbizi anastahili pongezi. Lakini mkimbizi mwenyewe, je, aliisikia? Aliielewa? Ilimsaidia kuamua arudi au abaki? Na jirani yake aliyekatiwa miti, naye alipewa nafasi ya kusema?

Majaji wa tuzo wakianza kuuliza maswali hayo, huenda vikombe vingi vitaelekea vijijini badala ya kubaki Dar.